Kufuli Tatu na Simu Moja

Somo letu la toleo hili linahusu wizi ambao hauvunji mlango. Tunawaomba wenyeviti na makatibu wa vikundi walisome kwa sauti katika mkutano, kwa sababu wapo wanakikundi ambao hawasomi lakini simu wanayo.

Tuanze na kitu ambacho kila mwanakikundi anakijua: sanduku. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa vinavyotumia sanduku ulianza nchini Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE. Hapa Zanzibar ulianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani kule Unguja, na baadaye ukafika kwetu Pemba. Sanduku hilo ni la bati na lina kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi isipokuwa mbele ya mkutano, watu wote wakiona.

Je, kwa nini kufuli ziwe tatu? Wengi hujibu kwamba ni kwa ajili ya kumzuia mweka hazina asiibe. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya jibu. Kufuli tatu pia zinamlinda mweka hazina mwenyewe. Mtu hawezi kumjia usiku na kumwambia maneno matamu au ya kutisha mpaka akafungua, maana hata akitaka hawezi. Itambidi awaamshe wenzake wawili, na katika kuwaamsha, uongo utajulikana.

Sasa tuiangalie simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu Tanzania mwaka 2008. Zantel nao wakaja na Z-Pesa, ambayo baadaye iliitwa Ezypesa, na kampuni nyingine zikafuata. Leo mama wa Micheweni anapokea pesa kutoka kwa mwanawe aliyeko Maskati au Dar es Salaam bila ya kutoka nje ya ua. Hili ni jambo jema na hatusemi liachwe. Lakini vikundi vingi sasa havipendi kuweka pesa nyingi ndani ya sanduku, hivyo huzihifadhi katika simu ya mweka hazina. Simu hiyo ina ufunguo mmoja tu, nao ni nambari ya siri ya tarakimu nne iliyomo kichwani mwa mtu mmoja. Tumeondoka kwenye kufuli tatu tukaenda kwenye moja, na wengi wetu hatukutambua siku tulipovuka.

Tuchukue mfano. Hatumtaji mtu yeyote, bali tumekusanya namna ambavyo udanganyifu huu hufanyika, tukauweka katika simu moja.

Ni saa saba na nusu mchana. Mweka hazina wa kikundi ana chungu jikoni, watoto ndiyo kwanza wanarudi skuli. Simu inalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naongea na mwenye laini hii?" Anataja jina lake lote matatu, lake, la baba na la babu, bila kukosea.

"Ndiye mimi."

"Mama, mimi napiga kutoka makao makuu ya kampuni ya simu. Kitambulisho chako kimeonekana kimesajili laini nyingine inayofanya uhalifu. Laini yako itafungwa saa nane, pamoja na pesa zilizomo. Tumekupigia ili tukusaidie kabla haijafungwa. Je, upo na mtu hapo karibu?"

"Nipo na watoto."

"Sogea pembeni kidogo mama, mambo haya ni ya siri. Na usikate simu, maana ukikata mfumo unajifunga."

Anasogea. Anaulizwa salio lake "kwa uhakiki", anasoma: 486,000. Kisha anaambiwa abonyeze menyu ya huduma za pesa, achague moja, kisha moja tena.

"Sasa ingiza nambari ya kwanza ya uhakiki." Anatajiwa tarakimu kumi, naye anaingiza. "Ingiza nambari ya pili ya uhakiki: nne, nane, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri." Anaingiza. "Hapo utaona jina. Huyo ni ofisa wetu anayekuhudumia, usiwe na wasiwasi. Sasa ingiza nambari yako ya siri. Lakini mama, usinitajie mimi! Nambari ya siri haitajwi kwa mtu. Wewe ingiza tu."

Anaingiza. Simu inakatika. Dakika moja baadaye unakuja ujumbe kwamba ametuma shilingi 480,000. Elfu sita zimebaki kwa ajili ya makato.

Hebu mwezeshaji asimame hapa, awaulize wanakikundi: mama huyu alikosea wapi? Wengi watasema, "Alitaja nambari ya siri." Hapana, hakuitaja, na hata aliambiwa asiitaje. Miaka yote tumefundishana kwamba nambari ya siri haitajwi, na somo hilo tapeli amelisikia kama sisi tulivyolisikia, kisha amelitumia kujengea imani. Ile "nambari ya kwanza ya uhakiki" ilikuwa nambari ya simu ya kupokelea pesa. Ile ya pili ilikuwa kiasi cha pesa. Jina lililotokea ni la mpokeaji, ambalo huduma humwonyesha mtumaji ili ajihakikishie, nalo tayari lilikuwa limetafutiwa maelezo. Mama huyu alituma pesa kwa mkono wake akidhani anaziokoa.

Watu wa kompyuta wana jina refu la kitaalamu kwa jambo hili, linaloweza kutafsiriwa kuwa uhandisi wa jamii. Jina hilo halimsaidii mtu wa Kengeja hata kidogo. Sisi tutauita ulaghai wa maneno. Maana yake ni kumfanya mwenye ufunguo afungue mwenyewe. Mwizi huyu hapandi ukuta, anapiga hodi.

Wala tusidhani kwamba wanaoangukia humo ni watu wasiosoma. Marekani kulikuwa na kijana aitwaye Kevin Mitnick, aliyekamatwa mwaka 1995 baada ya kuingia katika kompyuta za makampuni makubwa ya simu na ya programu. Alipotoka gerezani aliitwa mbele ya Seneti mwaka 2000 kueleza alivyofanya. Alisema kwamba mara nyingi hakuhitaji ufundi mkubwa wa mashine. Alipiga simu, akajifanya mfanyakazi mwenzao, akaomba, akapewa. Waliompa walikuwa mafundi na wahandisi wenye shahada. Mwaka 2002 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Turudi kwa mama yetu na tuitazame ile simu maneno kwa maneno. Tapeli alilijuaje jina lake? Si kwa uchawi. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa, hata shilingi mia tano, huduma humwonyesha jina lako kabla hajathibitisha. Anasoma jina, anaghairi, anakupigia. Tena wapo mawakala ambao daftari lao hukaa wazi mezani, na humo mna majina, nambari za simu na kiasi alichoweka au kutoa kila mteja. Hivyo basi, mtu kulijua jina lako si ushahidi kwamba anatoka mahali popote.

Habari ya laini kufungwa nayo ilikuwa na mzizi wa kweli, na uongo wenye mzizi ndio unaoshika. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Watu wanakumbuka misururu ya wakati ule. Aidha ni kweli kwamba baadhi ya wasajili wa mitaani waliwabonyezesha watu kidole mara mbili na laini ya pili ikaenda kwa wahalifu. Ndiyo maana kila mtu anashauriwa kubonyeza *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukaifute. Ukishaangalia mwenyewe, mtu hawezi kukutisha kwa laini usiyokuwa nayo.

Kisha kuna haraka: saa nane inafungwa. Kuna hofu: pamoja na pesa zilizomo. Kuna cheo: makao makuu. Haya matatu huzungumzwa sana, nasi hatuna la kuongeza. Lakini kwa maoni yetu, neno kubwa kuliko yote katika simu ile ni "Sogea pembeni." Kabla ya maneno hayo mama alikuwa jikoni na watoto wake, na pengine yule binti wa darasa la kumi angesema, "Mama, mbona hiyo ni menyu ya kutuma pesa?" Baada ya maneno hayo alikuwa peke yake uani, na ufunguo wake mmoja. Agizo la kutokata simu lilifanya kazi hiyo hiyo: asipate nafasi ya kumpigia mwenyekiti. Tapeli alizificha funguo nyingine mbili, akabaki na mwenye ufunguo mmoja.

Kwa hiyo kama kuna jambo moja la kukariri katika somo hili, ni hilo. Mtu akikuomba uwe peke yako ili akusaidie kuhusu pesa, kata simu. Usimjibu kwa hoja, maana hoja anazo nyingi kuliko zako. Kazi yake ndiyo hiyo mchana kutwa.

Hapa tuseme jambo ambalo husemwa sana barzani. Wengine wanasema, "Sisi tunawajua, wanazungumza kibara." Ni kweli kwamba ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, katika miaka ya 2023 na 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya ulaghai huu. Lakini lafudhi si kufuli. Atakayekupigia kesho anaweza kukupa salamu ya kwetu kwa matamshi ya kwetu. Isitoshe, walio wengi wa Rukwa na Morogoro wanapokea simu hizi hizi na kuibiwa kama sisi.

Milango mingine ya hodi tuipitie kwa kifupi. Upo ule ujumbe maarufu unaosema ile pesa itume kwenye nambari hii, jina litakuja la fulani. Hutumwa kwa maelfu ya watu bila kumjua yeyote, kwa matumaini kwamba siku hiyo hiyo wawili watatu kati yao walikuwa wanataka kumtumia mtu kodi au ada. Dawa yake ni ndogo: mpigie yule unayemdai au anayekudai kwa nambari yake ya zamani. Upo pia ujumbe wa "umepokea 150,000", ukifuatiwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea nambari na mgonjwa wake yuko hospitali. Usisome ujumbe, soma salio. Kama salio halikuongezeka, hakuna kilichoingia. Na kama limeongezeka kweli, usirudishe kwa mkono wako, mwambie apige huduma kwa wateja ili kampuni irudishe yenyewe.

Mlango unaotutia wasiwasi zaidi kwa Pemba ni wa WhatsApp, kwa sababu familia zetu zimetawanyika Unguja, Mombasa, Omani na Uingereza, na kikundi cha familia cha WhatsApp ndiyo barza yetu ya sasa. Mtu anakuandikia kwa jina na picha ya binamu yako: "Nimekutumia kwa makosa nambari ya tarakimu sita, nirudishie." Nambari hiyo ndiyo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, wewe unatolewa nje na yeye anaingia kwa jina lako. Baada ya hapo anaanza kuwaandikia ndugu walioko Maskati kwamba mama amelazwa na zinahitajika pesa leo. Binamu yako naye aliibiwa kwa njia hiyo hiyo siku iliyotangulia. Kinga ipo: ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna uthibitisho wa hatua mbili, unaokuwezesha kuweka nambari yako nyingine ya siri juu ya ile ya tarakimu sita. Ni ufunguo wa pili. Kijana yeyote wa skuli ataweza kukuwekea kwa dakika mbili, ila nambari uitunge na kuiingiza mwenyewe.

Kwa wale walioko maofisini, ulaghai huja kwa barua pepe. Mhasibu anapokea barua yenye jina la mkurugenzi au la mfadhili, ikimwarifu kwamba akaunti ya benki imebadilika na malipo yapelekwe kwenye mpya, haraka, na kwamba asimpigie kwani yuko mkutanoni. Utaona ni "sogea pembeni" ile ile, ila imevaa tai.

Sasa, kikundi kifanye nini? Ushauri wetu ni kuzirudisha zile kufuli. Kwanza kikundi kipitishe kanuni, iandikwe katika katiba yake, kwamba pesa za kikundi zilizomo ndani ya simu haziguswi isipokuwa watu wawili wakiwapo, ana kwa ana. Mweka hazina akipigiwa simu yoyote kuhusu pesa hizo, jibu lake liwe moja: "Pesa si zangu, nitashauriana na wenzangu." Jibu hili lina faida kubwa. Mtu mpole ambaye anaona haya kumkatia simu mgeni anapata njia ya heshima ya kuondoka. Pili, zipo huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi. Kwa mfano M-Koba, iliyoanzishwa na Vodacom mwaka 2019 pamoja na benki ambayo sasa inaitwa TCB, haimruhusu mtu mmoja kutoa pesa mpaka wenzake waidhinishe kwa simu zao. Kikundi kilinganishe makato yake na faida yake kabla ya kuamua. Pesa za kikundi kukaa katika laini binafsi ya mtu mmoja ni jambo ambalo tungependa kuona likikoma, hasa msimu wa karafuu na wakati wa mgao, ambapo kiasi kinakuwa kikubwa.

Vilevile kila mtu ajue kwamba TCRA imetangaza kuwa kampuni za simu humpigia mteja kwa nambari 100 tu. Mwingine yeyote anayejitambulisha kuwa ni kampuni, akiwa na nambari ya kawaida, si kampuni. Ukiwa na shaka kata simu, kisha piga 100 wewe mwenyewe.

Na kama limeshatokea? Hapo dakika zina thamani. Piga 100 mara moja, uombe muamala uzuiwe, kwani pesa zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala zinaweza kushikwa. Tuma nambari ya tapeli kwenda 15040 ili ifungiwe. Usifute ujumbe wowote, nenda nao kituo cha polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Hatuwaahidi kwamba pesa zitarudi. Mara nyingi hazirudi.

Lakini kinachochelewesha watu wengi si kutokujua nambari za kupiga, ni haya. Mama yule anakaa na siri yake siku tatu, akitafuta mahali pa kukopa 480,000 kabla ya mkutano wa Ijumaa, na katika siku hizo tatu sauti ile ile inawapigia wanawake wengine wa shehia yake. Kikundi kikimpokea kwa matusi, wa pili hatasema, na wa tatu pia. Tumesikia hoja kwamba aliyetapeliwa alipe yote peke yake, iwe funzo. Sisi tunaona swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni kikundi kizima kiliridhia vipi pesa za watu ishirini na tano zikae chini ya ufunguo mmoja.

Zoezi la kikundi. Wachaguliwe watu wawili, mmoja awe tapeli na mwingine awe mweka hazina, wakae migongo ikigusana, kila mmoja na simu yake sikioni. Tapeli apewe dakika tano atumie kila hila aliyoisikia leo, na aruhusiwe kutaja jina la mwenziwe, la sheha na la skuli ya watoto. Wanakikundi wengine wanyamaze, ila kila mmoja anyooshe mkono pale anapoona simu ilipaswa kukatwa. Katibu aandike ni neno gani lilikuwa linasemwa mkono wa kwanza uliponyooshwa, na neno gani wakati wa mkono wa mwisho. Kisha mjadili: kati ya maneno hayo mawili, ni kiasi gani cha pesa kingekuwa kimeshaondoka, na ni nani katika chumba hiki ambaye mweka hazina angeweza kumpigia?